Chipu si shilingi: kucheza poka ya mashindano malipo yakikaribia

Wachezaji wengi ninaowafundisha hapa Mombasa walianzia kwenye meza za pesa taslimu. Huko chipu ya mia ni mia. Ukiishinda unaipeleka dirishani, unapewa mia yako, unakwenda zako. Wakiingia mashindanoni wanakuja na mawazo yale yale, na hapo ndipo pesa zinapowatoka bila wao kujua zimepitia wapi.

Kwenye mashindano huwezi kuuza chipu zako katikati ya mchezo. Kinacholipwa ni nafasi uliyomalizia. Aliyekusanya chipu zote za ukumbini hapewi pesa zote za ukumbini. Anapewa zawadi ya kwanza tu, na zinazobaki zinakwenda kwa watu waliokwisha kutoka bila chipu hata moja. Ukilitafakari hilo vizuri, utaona kwamba chipu unayoiongeza ina thamani ndogo kuliko ile unayoipoteza, na kadiri malipo yanavyokaribia ndivyo pengo hilo linavyopanuka.

Nitaeleza kwa mkono mmoja nilioushuhudia kwenye meza ya Nyali, maana ndani yake mna karibu kila kitu. Watu 20, kiingilio shilingi 5,000, kila mmoja akaanza na chipu 5,000. Kwa hiyo chipu zote ni 100,000 na pesa zote ni shilingi 100,000 (makato ya nyumba na kodi nayaacha nje). Malipo ni 50,000 kwa wa kwanza, 30,000 kwa wa pili na 20,000 kwa wa tatu. Wa nne haambulii kitu.

Wamebaki wanne. Muuza viungo wa Marikiti ana chipu 50,000. Kijana wa Kisauni ana 25,000. Mwalimu mmoja wa Tudor ana 20,000. Mzee wa Mtwapa ana 5,000 tu, na blaindi kubwa (dau la lazima ambalo wachezaji huliweka kwa zamu kabla ya kuona karata) imefika 1,000, yaani amebakiwa na pumzi ya mizunguko michache. Mzee anatupa. Muuza viungo anatia zote, yaani anasukuma chipu zake zote katikati. Mwalimu anatupa. Kijana yuko kwenye blaindi kubwa, anafungua karata zake: ree na jeki. Anafikiri kidogo, anafuata, yaani naye anaweka zake zote. Muuza viungo anafunua wanane wawili, karata za mezani hazimsaidii kijana, naye anainuka akiwa wa nne.

Alinifuata nje akiwa bado na moto. "Ami, ree na jeki, tumebaki watu wanne, ningetupaje? Yule jamaa alikuwa anasukuma kila mkono!"

Nilimwambia akae tupige hesabu, na hesabu yenyewe ni hii.

Inaitwa ICM (Independent Chip Model), njia ya kugeuza chipu za mashindano kuwa thamani ya pesa. Mzizi wake uko kwenye mbio za farasi: mwaka 1973 mwanatakwimu David Harville alitoa fomula ya kukadiria uwezekano wa farasi kumaliza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka 1987 Mason Malmuth aliileta kwenye poka. Wazo ni jepesi. Uwezekano wako wa kuwa wa kwanza ni sawa na fungu lako la chipu. Ukitaka kujua uwezekano wa kuwa wa pili, chukua kila mpinzani kwa zamu, mfanye yeye ndiye mshindi, mwondoe pamoja na chipu zake, kisha tazama fungu lako katika zilizobaki. Kijana alikuwa na robo ya chipu, basi kuwa wa kwanza ni asilimia 25. Muuza viungo akiwa wa kwanza, zinabaki chipu 50,000, nazo za kijana ni nusu yake. Unaendelea hivyo mpaka wa tatu, unazidisha kila nafasi kwa malipo yake, unajumlisha.

Kabla ya mkono ule, matokeo yalikuwa hivi: chipu 50,000 za muuza viungo zilikuwa na thamani ya shilingi 37,621. Za kijana, 25,000, zilikuwa shilingi 28,688. Za mwalimu 25,831. Na chipu 5,000 za mzee wa Mtwapa zilikuwa shilingi 7,860. Tazama muuza viungo alivyopungukiwa na mzee alivyozidishiwa. Anayezishika chipu nyingi kila chipu yake ni nyepesi, na aliyebakiwa na chache kila moja ni nzito.

Sasa kijana akifuata na kushinda, anapanda hadi chipu 50,000, na thamani yake inakuwa shilingi 37,621. Akishindwa, sifuri. Yaani anaweka rehani 28,688 ili aongeze 8,933. Gawanya 28,688 kwa 37,621, utapata kwamba ili kufuata kusimtie hasara anahitaji kushinda zaidi ya mara 76 katika kila 100. Kwenye meza ya pesa taslimu, mkono huo huo ungetaka takriban 50. (Chipu alizokwisha kuziweka kama blaindi zinaishusha ile 76 kwa pointi chache tu, nimeziacha nje ili hesabu isomeke.)

Tumpe kijana haki yake yote. Tuseme ni kweli muuza viungo alikuwa anasukuma kila mkono, hata bila kuangalia karata. Ree na jeki za rangi tofauti dhidi ya karata zozote zile hushinda karibu asilimia 64. Bado hazifiki. Kumi mbili zinapata 75 hivi, nazo ziko ukingoni kabisa. Majeki mawili 77, malkia wawili 80, wafalme wawili 82, ree mbili 85. Dhidi ya mtu anayesukuma kila kitu, kijana alikuwa na ruhusa ya kufuata kwa mikono hiyo michache tu. Dhidi ya mtu anayechagua, michache zaidi.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike makala haya: "Sasa hizo pesa zangu 28,688 zimekwenda wapi?"

Mtu atasema zimekwenda kwa muuza viungo, si ndiye aliyeshinda mkono? Hapana. Kijana alipotoka, thamani ya muuza viungo ilipanda hadi 44,770, ongezeko la shilingi 7,149. Mwalimu wa Tudor alipanda hadi 32,105, ongezeko la 6,274. Na mzee wa Mtwapa, aliyetupa karata na kuegemea kiti, alitoka 7,860 mpaka 23,125. Shilingi 15,265! Mara mbili ya alichopata mshindi wa mkono. Jumlisha zote tatu, unapata 28,688 kamili.

Tumezoea kusema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Ukingoni mwa malipo nyasi ndizo zinazonawiri. Wawili wakigongana kwa chipu zao zote, sehemu ya pesa zao inawahama wote wawili na kuwaendea waliokaa pembeni, hata kabla karata ya mwisho haijafunuliwa. Ndiyo maana nawahimiza wanafunzi wangu kwamba kabla hujatazama karata zako, tazama nani ana chipu chache kuliko wewe. Kukiwa na mtu wa chipu 5,000 ambaye blaindi zinakaribia kummaliza, mwenye 25,000 hana haraka ya kufa mbele yake.

Mkono huo uko na upande wa pili ambao wengi hawauoni, nao ni upande wa muuza viungo. Yeye akifuatwa na kushindwa, hatoki. Anabaki na chipu 25,000, thamani 28,688. Anahatarisha 8,933 ili apate 7,149, kwa hiyo akifuatwa anahitaji kushinda asilimia 55 na nusu hivi. Kijana anahitaji 76, yeye 55 na nusu, na wako kwenye poti moja. Tena mara nyingi hafuatwi kabisa, anaokota blaindi bure. Huyo bwana hakuwa mkorofi wala hakuwa anabahatisha. Alikuwa akifanya kile ambacho rundo kubwa linapaswa kufanya: kumbana mwenye chipu za wastani, yule mwenye mengi ya kulinda. Kumsukuma mzee wa Mtwapa hakumletei faida ile, kwa sababu mzee karibu hana cha kupoteza, na atafuata kwa karata nyingi zaidi.

Kwa hiyo ukiwa na rundo kubwa na amebaki mmoja kabla ya malipo, usilale. Hapo ndipo pa kuvuna, hasa kama wenye wastani wanajua kutupa. Ukikutana na mtu asiyejua kutupa, kama kijana siku ile, punguza, kwa maana mnaumizana nyote wawili na kuwalisha wengine. Nasikitika kila ninapoona mchezaji mzuri akipigana vita vya namna hiyo kwa sababu ya hasira tu.

ICM yenyewe ina upofu wake. Haijui nani anacheza vizuri, haijui nani yuko kwenye kitufe (nafasi ya mgawaji, anayeamua wa mwisho), haijui kwamba mkono unaofuata mzee wa Mtwapa ndiye atakayelipa blaindi kubwa, moja ya tano ya alichonacho. Kwa hiyo zile 7,860 zake kwa kweli zilikuwa pungufu kidogo, na rundo la muuza viungo lilikuwa na nguvu kuliko 37,621, kwa kuwa fomula haihesabu uwezo wa kuwabana wenzako mikono kumi mfululizo. Itumie kama dira, kisha ongeza macho yako.

Baada ya wa nne kutoka, hofu inapungua kwa sababu kila mmoja ameshika 20,000. Wakibaki wawili, hofu hiyo inakwisha kabisa: wote wana 30,000 mkononi, wanagombea 20,000 zilizobaki, na kila chipu sasa ina uzito sawa na mwenzake. Nimeona watu wakifika wawili bado wanacheza kwa woga wa ukingoni, wanatupa mikono ambayo wangepaswa kuipigania. Badilisha mwendo mara moja.

Upande mwingine kabisa ni mashindano ya kufuzu, ambapo zawadi ni tiketi za kuingia shindano kubwa zaidi, na tiketi zote ni sawa. Chris Moneymaker alipita njia hiyo: aliingia mchujo wa mtandaoni kwa dola 86, akapata kiti cha shindano kuu la dunia la mwaka 2003 ambalo kiingilio chake kilikuwa dola 10,000, akawashinda watu 838 na kuchukua dola milioni 2.5. Kwenye mchujo wa namna hiyo hakuna wa kwanza. Tuseme tiketi ni tatu na mmebaki wanne: wewe 40,000, mwingine 40,000, wa tatu 15,000, wa nne 5,000. Yule mwenye 40,000 anatia zote na wewe umeshika ree mbili. Tupa. Ukitupa, uwezekano wako wa kupata tiketi ni karibu asilimia 96. Ukifuata, ni 85 hivi dhidi ya karata zozote, na ukishinda hupewi tiketi ya pili. Najua inauma kuzitupa. Zitupe hivyo hivyo, uso chini, bila kumwonyesha mtu.

Sasa mapatano, maana kwenye kumbi zetu mara nyingi watatu wa mwisho huamua kugawana waende nyumbani. Tuseme malipo ni yale yale na wamebaki watu wenye chipu 50,000, 30,000 na 20,000. Mwenye nyingi atapendekeza kila mtu achukue kwa uwiano wa chipu, na wenzake wanaona ni haki. Angalia kinachotokea: yeye anachukua shilingi 50,000, yaani zawadi kamili ya kwanza bila kucheza mkono mmoja zaidi, na wa mwisho anapewa 20,000 ambazo tayari zilikuwa zake hata angetoka dakika hiyo. Njia ya pili ni kila mtu ahakikishiwe 20,000 kwanza, kisha 40,000 zilizobaki zigawanywe kwa chipu: 40,000, 32,000 na 28,000. Hiyo ni afadhali mno. ICM inatoa 38,393, 32,750 na 28,857.

Mkifika hapo ombeni mapumziko, hesabuni chipu za kila mtu mbele ya mgawaji, ziandikeni kwenye karatasi, na mtumie kikokotoo cha ICM kwenye simu. Vya bure viko vingi. Mwenye rundo kubwa anaweza kuomba nyongeza kidogo juu ya 38,393, na kwa nguvu aliyonayo mezani ombi hilo lina msingi. Mpeni elfu moja mkiona inafaa. Lakini akishikilia uwiano mtupu wa chipu, mkatalieni kwa upole, mwambieni mgawaji achanganye karata mwendelee.