Kabla hujanunua mashine, pima ndoo yako

"Nitajie mashine tu, mengine nitayamaliza mwenyewe." Kauli hii naisikia kwa mama lishe, kwa wauza juisi, kwa wakaanga chipsi, na imenichosha. Mtu anataka kugeuza taka za jikoni kuwa fedha: ameona video ya mkaa mbadala, ule wa chenga za mkaa zilizoshindiliwa, amekopa kwenye kikoba, anataka mashine ya kushindilia. Muulize jikoni kwake zinatupwa kilo ngapi kwa siku: hajui.

Fedha ya kwanza haitoki kwenye taka unayouza. Inatoka kwenye taka usiyoizalisha. Mama lishe amenunua mchele, amewasha mkaa, amemlipa msaidizi. Sahani ikirudi na robo ya wali, gharama zote hizo zimeishia kwenye ndoo, na mfugaji atakayeichukua atailipia bei ya chakula cha kuku. Mashine gani itarudisha tofauti hiyo? Dawa ni upawa: pakua kiasi, anayetaka nyongeza aongezwe.

Kila anayekuja kwangu namwambia anunue mizani ya kuning'iniza na ndoo tatu zenye mifuniko. Ya kwanza ni ya mabaki ya sahani, ya pili maganda na machicha ya nazi, ya tatu vilivyoharibika kabla ya kupikwa. Pima kila jioni kwa wiki nzima, andika. Ya kwanza ikielemea, unapakua kupita kiasi. Ya tatu ikielemea, unanunua nyanya nyingi kuliko unavyouza, au tenga linashinda juani. Ya pili ndiyo biashara, kwa sharti moja: isichanganywe na kitu. Nimeona ndoo safi ya maganda ya ndizi ikikataliwa na mfugaji kwa sababu ya vijiti vya meno. Ng'ombe akimeza kijiti, hasara ni ya nani?

"Chenga za mkaa ni bure, kwa hiyo faida yote yangu." Chenga ni bure, lakini unga wa muhogo wa kuzishikamanisha unanunuliwa, na masika yakianza huna pa kuanika. Tena mkaa huu unachelewa kushika moto. Unamfaa anayechemsha maharage au anayewapa joto vifaranga (banda lipitishe hewa, tafadhali), haumfai wa chai ya haraka asubuhi. Wapate wateja hao kwanza.

"Kufuga funza ni kukaribisha magonjwa." Wasemao hivi wanamfananisha nzi askari mweusi, anayefugwa kwa ajili ya funza wake, na nzi wa chooni. Huyu akishakuwa mzima hana haja ya kula, kwa hiyo hatui kwenye sahani yako. Funza wake ndio wanaokula mabaki, nao wakikomaa unawalisha kuku, unapunguza dagaa kwenye chakula chao. Harufu ikitoka, umewazidishia chakula au umewamwagia mchuzi.

"Vifungashio vimetumaliza." Hili nalisikia tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, 1 Juni 2019. Mfuko mbadala utoze pembeni, usiufiche ndani ya bei ya chakula. Anayekuja na hotipoti yake mpunguzie kidogo, atazoea. Muuza juisi atumie chupa za kioo na achukue amana, lakini amana izidi bei aliyonunulia chupa, la sivyo hazirudi.