Mabinti watukutu wa Chuga (Arusha) na Moshi: tunayoyaamini na ukweli wenyewe

Binti akionekana Njiro usiku na kinguo kifupi, chupa mkononi, anapiga kelele na wenzake, kesho yake mtaa mzima unajua kalelewa vibaya. Haya maneno yananiuma kwa sababu mengi sio kweli.

Eti ni mambo ya kizazi cha TikTok. Jamani, mwezi wa 10 mwaka 1968 vijana wa TANU, chama tawala cha enzi hizo, walitangaza Operesheni Vijana, kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 mini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi ni marufuku, na kule Kariakoo kuna wasichana walishushwa kwenye mabasi kwa nguvu kisa gauni fupi, sasa kama mabinti wa enzi hizo walikuwa wametulia wote hiyo marufuku ilikuwa ya nani? Hao ndio bibi zetu leo. Na miaka hiyohiyo huku Arusha Wamasai nao walikuwa wanalazimishwa kuacha rubega wavae suruali, yaani binti anakatazwa mini kwa kuwa ni ya kizungu halafu Mmasai anakatazwa vazi lake kwa kuwa sio la kisasa. Mtu asiniambie shida ilikuwa heshima tu.

Eti mwanamke na pombe ni vitu viwili tofauti kwa mila zetu. Nenda Uchagani uulize nani anapika mbege, nani anachemsha ndizi na kusaga ulezi. Ni akina mama, na kuionja wanaionja.

Lakini hili nalisema kwa uchungu zaidi: eti akilewa yakamkuta, kajitakia. Hapana!! Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iko wazi, mwanaume akipata ridhaa ya binti aliyeleweshwa, iwe kamlewesha yeye au mtu mwingine, huo ni ubakaji, na binti akiwa chini ya miaka 18 hata akisema ndio haihesabiki. Mshkaji anayenunua raundi ya nne huku binti hawezi hata kusimama anajua anachofanya, na sisi kesho tunamsema binti.

Alafu ile ya "mbona chalii kanywa tano yuko fresh". Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanaume, kwa hiyo chupa zilezile zinampanda zaidi, hata kama uzito wao ni sawa. Kahawa kali au kumwagia maji baridi hakumtoi pombe kwenye damu, ini linaitoa taratibu kwa muda wake. Kazidiwa? Mlaze kiubavu asipaliwe na matapishi, kaa naye, asipoamka au akipumua kwa shida mkimbize hospitali. Na kama kuna jamaa anang'ang'ania "namjua huyu, nampeleka home", usimwachie, mpigie dada yake au mama yake. Kama ameshadhurika, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, mpeleke huko, na umwambie haendi huko kujieleza kuhusu kisketi chake.