Namba ya duka ikihama mtandao: kinachohama na kinachobaki

Tangu Machi 2017 mteja wa simu Tanzania anaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Hata hivyo, kaa na wafanyabiashara utasikia bado: 0754 ni Voda, 0784 ni Airtel, basi. Siku hizi tarakimu hizo zinakuambia namba ilizaliwa wapi. Inakoishi leo ni habari nyingine. Na si hilo tu wanalokosea; haya hapa mengine wanayosema.

"Kwanza niifunge laini ya zamani."

Usithubutu. Laini ikishafungwa hakuna tena namba ya kuhamisha. Mambo yote yanaanzia kule unakokwenda: unafika kwenye duka la mtandao mpya na kitambulisho, laini ya zamani ikiwa bado hewani ndani ya simu, maana ombi la kuhama linatumwa kwa ujumbe mfupi kutoka namba hiyohiyo. Huhitaji kwenda kuuaga mtandao wa zamani, wala kuuomba ruhusa. Laini ya zamani itakata yenyewe, ndipo uweke mpya.

"Laini iko mkononi mwangu, kwa hiyo ni yangu."

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Dada yangu anauza vitenge, na namba yake imechorwa ukutani, kwenye mifuko na kwenye kadi. Alipotaka kuhama, tukagundua laini imesajiliwa kwa jina la kijana aliyekuwa akimsaidia dukani, ambaye alikwisha kurudi kwao Songea. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao mwisho wake uliwekwa Januari 2020, mwenye namba ni yule mwenye kidole, hata kama vocha umenunua wewe miaka yote. Tulimsubiri kijana mpaka alipokuja mjini, akaenda na dada kubadilisha umiliki, na baada ya hapo ndipo habari ya kuhama ikaanza. Ashukuriwe Mungu hawakuwa wameachana kwa ugomvi.

Kwa hiyo kabla ya lolote piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa (NIDA). Kama namba ya biashara haimo, shughulikia hilo kwanza. Na kama imesajiliwa kwa jina la kampuni, aende mtu aliyeidhinishwa na kampuni, na nyaraka zake. Kumtuma dereva na barua iliyokunjwa mfukoni hakutasaidia.

"Pesa itanifuata."

Haifuati. Kinachohama ni namba tupu. Akaunti ya pesa kwenye simu ni mali ya huduma ya mtandao ule, na kule unakokwenda utafungua nyingine. Kwa hiyo toa salio lote, au lipeleke benki, kabla ya kuhama. Lipa na deni kama ulikopa. Vocha na vifurushi navyo vinabaki, vimalize.

Halafu kuna Lipa Namba. Ile karatasi iliyobandikwa kaunta ina namba ya kulipia iliyotolewa na mtandao wako. Haiwi ya mtandao mpya kwa sababu tu umehama. Omba mpya mapema. Ukishaipata, mwambie jirani akutumie shilingi elfu moja na uangalie jina analoliona kabla ya kuthibitisha. Mteja akiona jina asilolijua anasita, na wakati mwingine anaondoka na pesa yake.

"WhatsApp ya biashara itafutika."

Haifutiki. WhatsApp inaitambua namba, haijali mtandao. Wateja, picha za bidhaa na makundi vinabaki palepale. Hifadhi nakala tu, na uikumbuke ile PIN ya tarakimu sita, kama uliiweka kwenye WhatsApp.

"Hata simu ya mezani naihamishia kwenye mkononi."

Huduma hii ni ya namba za simu za mkononi. Ile ya 022 iache mezani.

"Wakishaniambia tayari, nimemaliza."

Bado. Ujumbe wa benki wenye namba za siri hukwama wakati mwingine baada ya kuhama, kwa sababu mfumo unaoutuma bado unakutafuta kwenye mtandao wa zamani. Usihame siku ya kulipa mishahara au ya kuagiza mzigo. Chagua siku iliyopoa, upigiwe na watu wa mitandao tofauti, kisha ingia benki kwa simu uone kama ujumbe unafika. Ukifika, bandua karatasi ya zamani kaunta.