Folda haifunguki? Anza na anwani za IP

Mtu akiniambia folda aliyoishea haionekani kwenye kompyuta ya pili, nenosiri siliulizi kwanza. Namwomba aandike amri ya ipconfig kwenye Command Prompt ya mashine zote mbili, anisomee anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha mashine kwenye mtandao. Mara nyingi jibu liko hapo hapo: moja ni 192.168.1.15, nyingine 192.168.0.102. Kwa ruta za nyumbani, mafungu matatu ya mwanzo yakitofautiana, basi mashine hizo haziko mtandao mmoja, hata kama zote zinaingia intaneti bila shida.

Chukua duka la stesheneri. Ruta ya kampuni ya intaneti iko kaunta, waifai haifiki chumba cha nyuma, mwenye duka ananunua ruta ya pili na kuchomeka waya kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti). Ruta hiyo inaanzisha mtandao wake na kugawa anwani zake. Kinachowachanganya watu ni kwamba upande mmoja unafanya kazi: kompyuta ya nyuma ikiandikiwa \\192.168.1.15 inafungua folda ya kaunta, ila ya kaunta haifiki nyuma ng'o. Ruta ni kama bawabu: aliyetoka ndani anaruhusiwa kurudi, mgeni anayebisha hodi hafunguliwi. Hapo ndipo mafundi wengine hupiga Windows upya, na mteja analipa bure.

Dawa ni kuifanya ruta ya pili iwe kisambaza waifai tu. Ikiwa na chaguo la Access Point, liteue, umemaliza. Isipokuwa nalo, zima DHCP yake (huduma inayogawa anwani), ipe anwani isiyotumiwa na kifaa kingine kwenye mtandao wa kwanza, mathalani 192.168.1.2, ndipo uhamishe waya kutoka WAN kwenda tundu la LAN (la kuunganishia kompyuta). Fuata mpangilio huo. Ukitanguliza waya, ruta mbili zitagawa anwani kwa pamoja na vurugu itakuwa kubwa zaidi. Kisha zima na kuwasha kompyuta zipate anwani mpya.

Mafungu matatu ya mwanzo yamelingana na bado inagoma? Angalia kama kuna mashine iliyoingia waifai ya wageni, au mtandao uliowekwa "Public" badala ya "Private" kwenye mipangilio ya Windows. Windows 11 toleo la 24H2 nayo imekaza: folda isiyo na nenosiri inaweza kukataliwa, kwa hiyo tengeneza akaunti yenye nenosiri kwenye mashine inayoshea. Ukishauriwa kurudisha SMB1, njia ya zamani ya kushea faili, kwa ajili ya kifaa cha zamani, kataa. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa kwa kupitia udhaifu wa SMB1.

Na wale wanaofungua lango (port) 445, linalopitisha faili za kushea, kwenye ruta ili wapate faili wakiwa nyumbani: lifungeni leo, mtumie VPN, njia salama ya kuingia mtandao wenu mkiwa mbali. Tena, anwani ya WAN ya ruta ikianza na namba kati ya 100.64 na 100.127, kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na lango hilo halifikiwi na mtu yeyote kutoka nje, hata wewe mwenyewe.