Dizaina wa Mtwara na Lindi: ukurasa mmoja kwa huduma moja, na taarifa za mteja zilindwe

Kila msimu wa korosho unapokaribia, wasindikaji wadogo wa Newala, Tandahimba na Masasi huanza kuulizia mtu wa kuwachorea vifungashio. Upande wa Lindi, wauza chumvi na ufuta huulizia hivyo hivyo kabla ya Nanenane ya viwanja vya Ngongo. Kazi ipo. Lakini malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la biashara yameongezeka, na yanatoka pande mbili. Madizaina wa kujitegemea wanasema wateja wanawaruka na kupeleka kazi Dar es Salaam. Wateja wanasema hawamwelewi dizaina wa hapa: wanaona picha za kila aina, bei hawaioni, na wakiacha namba ya simu wanaanza kupokea matangazo wasiyoyaomba. Makala haya ni kwa ajili ya pande zote mbili, ila zaidi ni kwa madizaina.

Ushauri wetu ni huu: kwa kila huduma unayotaka kuuza, tengeneza ukurasa wake wa kupokelea wateja. Huduma moja, mteja wa aina moja, jambo moja la kufanya. Anayetafuta kifungashio cha korosho za kukaanga hahitaji kuona kadi za harusi, fulana za kampeni na bango la saluni. Anataka kujua kama unaielewa kazi yake. Kwa hiyo kichwa cha ukurasa kiseme wazi, kwa mfano, "Vifungashio vya korosho na ufuta kwa wasindikaji wadogo wa Mtwara na Lindi". Chini yake weka mifano mitatu au minne, si thelathini, na kila mfano uwe na maelezo mafupi: mteja alikuwa na tatizo gani na wewe ulilitatuaje.

Hapo ndipo mtu wa hapa anapoweza kumshinda wa mbali. Onyesha kwamba unajua lebo ya chakula inabeba jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, pamoja na anwani ya mtengenezaji. Onyesha kwamba unaacha nafasi ya msimbopau, ule ambao kwa bidhaa zilizosajiliwa GS1 Tanzania, taasisi inayotoa misimbopau, huanza na 620. Na tafadhali, msichore alama ya ubora ya TBS kwenye kifungashio cha mtu ambaye hajapewa leseni ya kuitumia. Tunaikuta mara nyingi mno, na jibu ni lile lile kila mara: "mteja ndiye aliyetaka". Mteja kuitaka hakumpi haki ya kuitumia.

Baada ya mifano, andika bei ya kuanzia, kazi inachukua siku ngapi, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei hiyo, na malipo ya awali ni kiasi gani. Wengi wanaogopa kuweka bei wakidhani zitamkimbiza mteja. Anayekimbia kwa sababu ya bei angekimbia tu, tena baada ya kukupotezea siku nzima ya mazungumzo. Malizia na kitufe kimoja cha kupiga simu au kufungua WhatsApp. Viungo vya kwenda Facebook, TikTok na kwingineko viondoe kwenye ukurasa huo, kwa kuwa kila kiungo ni mlango wa kutokea.

Picha zipunguze uzito. Msindikaji wa Nanyumbu anafungua ukurasa wako kwa simu na kwa bando alilonunua mwenyewe. Ukichelewa kufunguka, anaufunga. Kama unalipia tangazo la vifungashio, kiungo chake kimpeleke mtu kwenye ukurasa wa vifungashio moja kwa moja. Na kama unahudumia pia hoteli za Mikindani au waongoza watalii wa Kilwa, hao watengenezee ukurasa wao, kwa Kiswahili na Kiingereza.

"Mimi ninayo Instagram, inatosha." Hapana, haitoshi. Akaunti ile si mali yako, mpangilio wake huuamui wewe, na ikifungiwa wateja wako wanapotea nayo. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, la .co.tz linapatikana kwa wasajili walioidhinishwa, na ukilisajili hakikisha limeandikwa kwa jina lako, si la fundi aliyekutengenezea tovuti.

Sasa sheria. Ukiweka fomu inayomtaka mtu aandike jina, simu au barua pepe, umeanza kukusanya taarifa binafsi, na unaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria inamtaka mkusanyaji wa taarifa ajisajili kwenye Tume hiyo kabla ya kukusanya. Dhana kwamba hili ni jambo la benki na kampuni za simu tu si sahihi, na tunaomba watu waache kuisambaza.

Kwenye fomu yenyewe, eleza kwa nini unaomba taarifa, utazitumiaje na mtu afanye nini akitaka zifutwe au zirekebishwe. Omba zile unazozihitaji tu. Tumeona fomu ya nembo inayodai namba ya kitambulisho cha NIDA! Nembo haihitaji NIDA. Kutoa taarifa za mtu kinyume cha sheria ni kosa: kwa mtu binafsi, faini haipungui shilingi 100,000 na haizidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini ni kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5. Mbali na hayo, Tume ina uwezo wa kutoza faini ya kiutawala isiyozidi shilingi milioni 100. Kumbuka pia kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazuia kumtumia mtu matangazo ya biashara bila ridhaa yake. Mtu aliyeulizia bei ya bango hajakuruhusu kumwingiza kwenye kundi lako la WhatsApp.

Kazi ya mteja unayoionyesha kama mfano, pata ruhusa yake kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha, uuhifadhi.

Jina la biashara lisajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bure na TRA, kwa hiyo usimlipe mtu wa pembeni. Leseni ya biashara huombwa katika halmashauri yako kupitia mfumo wa TAUSI. Ukifanya kazi ya kampuni, itakata asilimia 5 ya malipo ya huduma kama kodi ya zuio. Hujaibiwa: dai hati ya zuio, kwani kiasi hicho huhesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka.

Wenye fomu ambazo tayari ziko hewani waanze na majina yaliyokwisha kukusanywa. Futeni ya watu ambao kazi zao ziliisha na hamna sababu ya kuyatunza, yaliyobaki yawekeni mahali penye nywila, kisha wasilisheni maombi ya usajili kwa Tume. Anayekwama kwenye leseni au jina la biashara afike ofisi ya biashara ya halmashauri yake akiwa na kitambulisho na namba ya TIN. Asiye na TIN aanzie TRA.