Nyama inayocheza buchani, na mengine tunayodanganyana kuhusu misuli

Wahi buchani asubuhi nyama ikiwa imetoka machinjioni, utaona mnofu uliotundikwa ukicheza wenyewe. Pembeni hakosekani wa kusema: "Hiyo roho haijatoka."

Imeshatoka. Kilichobaki ni akiba ndogo ya nishati ndani ya nyuzi za msuli. Kila uzi ni seli moja ndefu yenye viini vingi, nyembamba kuliko sehemu ya kumi ya milimita (ule unaokwama kwenye meno ni fungu zima la nyuzi). Ndani yake kuna protini mbili, aktini na miosini. Kalsiamu, madini yaliyohifadhiwa ndani ya uzi huohuo, ikimwagika, miosini huishika aktini na kuivuta, mkono baada ya mkono, kama watu wanaovuta kamba. Uzi unafupika.

Wengi hudhani nguvu inatumika kwenye kukaza tu, kulegea kunakuja kwenyewe. Sivyo. Miosini haiachii mpaka ipate ATP, ile nishati ya seli. Akiba ikiisha, inabaki imeng'ang'ania palepale, ndiyo maana maiti hukakamaa baada ya saa chache. Wanaoosha maiti hawakuhitaji darasa la baiolojia kulijua hilo: macho hufumbwa, taya hufungwa kitambaa, viungo hunyooshwa mapema kabla mwili haujakataa. Siku moja au mbili baadaye protini zenyewe huanza kuvunjika na mwili hulegea tena. Nyama ya ng'ombe iliyolala kwenye friji nayo hulainika kwa sababu hiyohiyo.

Yale maji mekundu kwenye mfuko wa nyama huitwa damu. Damu nyingi ilibaki machinjioni. Wekundu huo ni wa mayoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya uzi. Mtazame kuku wa kienyeji: paja jeusi, kidari cheupe. Miguu inatembea kutwa, kwa hiyo imejaa nyuzi za taratibu, zenye mayoglobini nyingi na zisizochoka upesi. Kidari ni cha kupuruka mara moja anapokimbizwa. Nyuzi zake ni za kasi na huchoka haraka. Sisi binadamu aina hizi zimechanganyika ndani ya kila msuli, ila kwa viwango tofauti.

Sasa za gym. Msuli ukijaa, kwa sehemu kubwa ni nyuzi zilezile zimenenepa. Ukiacha mazoezi haugeuki mafuta. Unasinyaa, na mafuta yanaongezeka kivyake kwa sababu sahani haikupungua.

Na maumivu ya kesho yake tunayoisingizia tindikali ya laktiki, ile ambayo msuli huitoa ukifanya kazi kwa nguvu? Hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi. Nyuzi huumia kidogokidogo hasa pale msuli unaponyooshwa huku umebeba uzito. Ukipanda mlima ukashuka, jasho litakutoka wakati wa kupanda, lakini mapaja yanayokuuma keshokutwa uliyaumiza zaidi ukishuka.