Bango la barabarani halikujui

"Lina GPS hilo, lishakuona." Kauli hii utaisikia kila skrini ya matangazo inapobadilika mtu anapopita. GPS haioni mtu. Setilaiti zake, zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200, zinatangaza saa na mahali zilipo, basi. Kifaa cha chini husikiliza na kujipigia hesabu kiko wapi. Skrini iliyofungwa kwenye matatu inaweza kujua kwamba yenyewe imevuka Buxton, Mombasa, na inaelekea Nyali, ikaondoa tangazo la duka la mjini na kuweka la Kongowea. Ya kwenye nguzo haihitaji hata hayo: fundi aliandika mahali pake siku ya kuifunga, na nguzo ya Digo Road haihami.

Dhana: kijisanduku cha Bluetooth dukani kinavuta habari kutoka simuni. La. Vya aina ya iBeacon, ambayo Apple waliileta 2013, vinarudiarudia namba yao tu. Programu uliyoiruhusu wewe kwenye simu ndiyo huisikia namba ile na kujua uko duka gani. Google nao walileta arifa zisizohitaji programu ya duka, wakazizima Desemba 2018 kwa sababu ya matangazo ya ovyo.

Dhana: ukizima huduma ya mahali, umejificha. Hapa ndipo penye neno. Wi-Fi ikiwa wazi, simu huita mitandao iliyo karibu, na zamani wito huo ulibeba namba ya kudumu ya kifaa (siyo ile unayopigiwa). London, mwaka 2013, mapipa ya taka yenye skrini ya kampuni ya Renew yalikuwa yakizinasa namba hizo za wapita njia, mpaka wakuu wa City of London walipoagiza ikome. Simu za Apple zilianza 2014 kutumia namba za bandia zinapotafuta mitandao, Android zikafuata. Simu kuukuu ni habari nyingine. Mimi huichelea zaidi Wi-Fi ya bure inayodai jina na namba yako kabla ya kukufungulia, maana hapo umejiandika kwa mkono wako. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa habari zako zinachukuliwa kwa kazi gani, na ya kukataa kutumiwa matangazo.

Dhana: skrini isiyo na waya haina waya. Picha ndizo huja bila waya, mara nyingi kwa laini ya simu, zikahifadhiwa ndani. Mtandao ukipotea, tangazo la jana linaendelea. Stima ikipotea, giza. Skrini ya karatasi ya kielektroniki, kama ile ya visomaji vya vitabu, ni tofauti: hula umeme inapobadilisha maandishi tu, na paneli ndogo ya jua huweza kuitosha. Ingefaa vituo vyetu vya matatu, kama matatu zenyewe zingekuwa na saa za kufika.